Elimu na Vijana: Uanagenzi wa Mawimbi ya Ubongo



Mwezi uliopita tulipokea barua ndefu kutoka kwa bwana mmoja wa Tanga, naye ametuomba tusilitaje jina lake. Binti yake yu katika mwaka wa tatu wa chuo kikuu, asomea kompyuta na takwimu, na sasa amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kwa miezi mitatu kuwa mwanagenzi wa utafiti. Kazi atakayopewa huko ni kuifundisha mashine kuyasoma mawimbi ya umeme yatokayo katika ubongo wa binadamu. Baba huyu ana maswali matatu. La kwanza: je, kazi hiyo si kutaka kuyajua yaliyomo nyoyoni mwa watu, jambo ambalo ni la Mwenyezi Mungu peke yake? La pili: mwanafunzi wa miaka 21 atafanya nini khasa katika maabara ya mabingwa, au aenda kutumwa chai tu? La tatu ameliandika chini ya sahihi yake, kwa wino mwengine, kama mtu aliyeifunga barua kisha akaifungua tena. Mdogo wa binti huyo, kijana wa miaka 14, ana kifafa tangu utotoni, na jirani hawajui. Binti asema kwamba ndiyo sababu ya yeye kuichagua kazi hii. Basi baba auliza: je, mashine hiyo itamfaa mwanawe?

Twajibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa twajua nyumba yenye barua kama hii si moja.

Na tulianze lile la kwanza, kwani ndilo lililomkosesha bwana huyu usingizi. Ubongo wa kila mtu, mzima na mgonjwa, hufanya kazi yake kwa umeme mdogo mno. Mtu wa kwanza kuunasa umeme huo wa binadamu kwa chombo alikuwa Hans Berger, daktari wa maradhi ya akili katika mji wa Jena, nchi ya Ujerumani. Aliupata mwaka 1924 katika kichwa cha kijana wa miaka 17 aliyekuwa akipasuliwa, lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kusitasita hakuichapisha khabari yake mpaka mwaka 1929. Na sababu iliyomwingiza katika kazi hiyo ni ile ile ambayo baba wa Tanga aiogopa. Alipokuwa askari kijana, Berger alianguka kutoka juu ya farasi mbele ya gari la mizinga, akaponea chupuchupu. Siku ile ile dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na khofu juu yake, hata baba yao akapeleka simu kumwuliza hali. Berger akaamini kwamba fikira yake ilisafiri ikamfikia dada yake, akatumia sehemu kubwa ya umri wake kuitafuta nguvu iliyoichukua.

Hakuipata. Alichokipata ni mawimbi: kama kumi hivi kwa kila sekunde, ambayo hutokea mtu anapofumba macho akatulia, na hupotea anapoyafumbua. Basi! Hata hayo wenzake hawakuyasadiki mpaka mwaka 1934, pale Adrian na Matthews wa Cambridge, Uingereza, walipoyarudia wenyewe wakayaona.

Mfano wake ni kama mtu aliyesimama nje ya nyumba yenye arusi, na milango imefungwa. Kelele za watu mia mbili zamfikia kupitia ukutani. Vigelegele vikipigwa atavisikia, na nyumba ikinyamaza ghafula atajua kwamba pana jambo. Lakini wanawake wawili walioketi pembeni wakinong'onezana, hatajua wasemalo hata akitega sikio mpaka alfajiri. Elektrodi iliyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa husikia namna hiyo. Kati yake na ubongo pana mfupa na ngozi, na kinachoifikia ni jumla ya vijichembe vya ubongo kwa maelfu na maelfu vinavyopiga pamoja, umeme ambao kipimo chake ni sehemu za milioni za volti moja.

Walakin hatutaki kumficha bwana huyu kitu. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani, wa Stanford na wa San Francisco, walitoa khabari za wagonjwa wawili waliopotewa na sauti kwa maradhi, ambao walipasuliwa na kuwekewa elektrodi ndani ya fuvu, na mashine ikaweza kuyaandika maneno waliyojitahidi kuyatamka. Hayo ni kweli, na ni makubwa. Lakini tazama yalivyopatikana: kwa kupasuliwa, kwa idhini, kwa mazoezi mengi ya mgonjwa mwenyewe, na maneno yaliyoandikwa ni yale aliyotaka yeye yasikike. Mtu aliyenyamazishwa na maradhi akarudishiwa kusema, hapo hapana siri ya moyo iliyoibwa. Siku itakapokuja mashine ya kumsoma mtu asiyetaka kusomwa, tutakuwa wa kwanza kuandika dhidi yake. Kazi ya binti huyu si hiyo.

Kazi yake, kwa jinsi alivyoieleza katika barua aliyomwandikia baba yake, ni kifafa. Na kifafa ni miongoni mwa maradhi ya kwanza yaliyofaidika na mawimbi ya Berger. Mwaka 1935, katika mji wa Boston, madaktari Gibbs, Davis na Lennox waliwapima wagonjwa wenye kifafa kile kidogo ambacho mtoto haanguki, bali hukodoa macho kwa nukta chache kama aliyesahau alipo. Waliona katika karatasi ya chombo mchomo na wimbi, mchomo na wimbi, mara tatu kwa kila sekunde, hata mtoto azindukane. Mwalimu aliyekuwa akimpiga mtoto yule kwa uvivu darasani hakuyajua hayo. Wako walimu leo ambao bado hawayajui.

Ama swali la pili, hapo ndipo tungependa kukaa kidogo. Neno "mwanagenzi" tumelichagua kwa makusudi. Fundi wa kuchonga milango hampi mwanagenzi patasi siku ya kwanza. Humpa ubao akaupiga msasa, na mwanagenzi huona kwamba anapotezewa wakati, kumbe mkono wake unafundishwa kuujua mti. Katika maabara za kompyuta hali ni hiyo hiyo, ila ubao wake ni hesabu.

Tutoe mfano wa rekodi ambazo karibu kila mwanafunzi wa elimu hii huzipitia. Katika hospitali ya watoto ya Boston, watoto na vijana wenye kifafa kisichosikia dawa walibandikwa elektrodi vichwani kwa siku kadha, mchana na usiku. Mdogo wao alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na mkubwa wao miaka 22. Rekodi zao zimewekwa wazi tangu mwaka 2010 katika hazina iitwayo PhysioNet, na mtu yeyote, awe Boston au Bagamoyo, aweza kuzichukua bila malipo. Chombo kilipima kila waya mara 256 kwa sekunde. Katika saa moja, waya mmoja hutoa hesabu 921,600, na kwa kuwa nyingi katika rekodi hizo zina nyaya 23, saa moja ya mtoto mmoja ni hesabu zaidi ya milioni 21. Hapana jicho la binadamu liwezalo kuzisoma zote. Daktari hukaa akazipitia kwenye kioo ukurasa baada ya ukurasa, naye huchoka kama achokavyo kila mtu.

Wiki za kwanza za mwanagenzi aghalabu hupita katika kusafisha. Mtoto akipepesa jicho, akitafuna, akijigeuza kitandani, macho na misuli yake hutoa umeme mkubwa kuliko ule wa ubongo. Hata umeme wa taa za nyumba huingia, nao hutetema mara 60 kwa sekunde huko Marekani na mara 50 huku kwetu. Asiyejua kuyatambua hayo atamwambia bwana mkubwa wa maabara kwamba ameona kifafa, naye ameona mtoto akila biskuti. Twaambiwa hutokea.

Kisha huja kufundisha mashine kwenyewe. Ali Shoeb, aliyeifanya kazi hii kwa shahada yake katika chuo cha MIT na kuimaliza mwaka 2009, alizikata rekodi vipande vya sekunde mbili mbili. Kwa kila kipande na kila waya, alipima nguvu ya mawimbi katika madaraja manane, tangu yale ya polepole mno mpaka yale ya mara 25 kwa sekunde. Akachukua nyaya 18 na vipande vitatu vilivyofuatana, ikawa kila mara mashine yapewa hesabu 432. Mashine haikuelezwa kifafa ni nini. Ilionyeshwa tu vipande ambavyo madaktari wametia alama kwamba hapa mtoto alishikwa, na vyengine kwamba hapa alikuwa salama, ikatafuta yenyewe mpaka uliopo baina ya hivi na vile. Basi huko ndiko kufundisha mashine. Mwanafunzi mwenye hesabu nzuri za shule na subira aweza kuielewa kazi hii katika mwezi wa kwanza, na twasema hivi ili vijana wetu wasidhani kwamba ni sihiri au kwamba waliumbwa kwayo watu wa mbali.

Khatari yake iko mbele kidogo, nayo ni ya moyo kuliko ya akili. Mwanagenzi ana miezi mitatu. Ataka kurudi na hesabu kubwa ya kumwonyesha baba, na mwalimu wake ataka makala ya kuchapisha. Na katika kazi hii, hesabu kubwa ni rahisi kuipata kuliko kitu chochote.

Sikilizeni. Shoeb na mwalimu wake Guttag walipotoa matokeo yao mwaka 2010, walikuwa na saa 916 za rekodi, na mashambulio ya kifafa waliyoipimia mashine yalikuwa 173. Tuseme, kwa kukadiria tu, kwamba kila shambulio lilichukua dakika moja. Saa 916 ni dakika 54,960. Basi kifafa ni dakika 173 tu katika hizo zote. Sasa tengeneza mashine pumbavu kabisa, isiyotazama kitu, ambayo jibu lake kila ukiiuliza ni "hapana kifafa". Itakuwa imesema kweli mara zaidi ya 99 katika mia! Mwanafunzi aliyeandika katika taarifa yake kwamba mashine yangu yapata 99 kwa mia hakusema uwongo hata neno moja, na mashine yake haijapata kumwona mtoto hata mmoja anayeanguka.

Huo ni mtego wa mchana, na walimu wengi huutaja siku za mwanzo. Uko wa usiku. Mwanafunzi huvichukua vipande vyote vya sekunde mbili, akavichanganya kama karata, nusu akaifundishia mashine na nusu akaipimia. Aona matokeo mazuri ya ajabu. Hakufikiri kwamba shambulio moja la dakika moja limekatwa vipande 30, kumi na tano vikaingia katika mafunzo na kumi na tano katika mtihani. Mashine haikujifunza kifafa, ilikumbuka tu. Ni kama mwalimu wa chuo amsomeshe mtoto nusu ya sura, kisha amtahini kwa neno moja moja kutoka katika aya zile zile, halafu atoe cheti kwamba amehifadhi msahafu.

Na uko mtego wa tatu, ambao sisi tulipoujua tulikaa kimya kidogo. Mafungu ya rekodi za Boston yamepewa namba, la kwanza, la pili, mpaka la ishirini na nne. Mwanafunzi mwangalifu, aliyekwisha kuonywa juu ya mtego wa pili, husema: mimi sitachanganya, nitafundisha kwa watoto hawa na nitapima kwa watoto wale. Aweka fungu la 1 upande wa mafunzo na fungu la 21 upande wa mtihani. Naam, lakini fungu la 1 na la 21 ni mtoto mmoja! Ni msichana yule yule, alirudi hospitali baada ya mwaka mmoja na nusu akarekodiwa mara ya pili. Jambo hilo limeandikwa wazi katika maelezo yanayofuatana na rekodi, kwa sentensi moja. Asiyeyasoma maelezo atasema mashine yake imemtambua mgonjwa mgeni, kumbe imekutana na mtu inayemjua.

Twamwambia baba wa Tanga: ukitaka kujua kama binti yako amefaidika na safari yake, usimwulize amepata ngapi kwa mia. Mwulize, "Mwanangu, uliipima mashine yako kwa nani?"

Shoeb na Guttag wenyewe walikuwa wakweli katika hili. Hawakudai mashine moja ya watu wote. Walisema kifafa cha huyu hakifanani na cha yule, basi kila mgonjwa na afundishiwe mashine yake, kwa mashambulio yake mwenyewe ya nyuma, kisha ipimwe kwa saa ambazo haikuziona. Kwa njia hiyo ilitambua 96 katika mia ya mashambulio yale 173, na kwa mgonjwa wa katikati ilichelewa sekunde tatu tu, na ikapiga kelele za bure mara mbili katika kila saa 24. Hesabu hii ya mwisho ndiyo tungependa akina mama waiangalie, kwa kuwa mabingwa huipita mbio. Kelele za bure mara mbili kwa siku si nyingi katika hospitali. Nyumbani, kengele ikilia saa nane za usiku mama akaruka kitandani akamkuta mtoto amelala salama, na kesho yake tena, na keshokutwa tena, wiki ya tatu hataruka. Ataiziba kwa mto. Na siku ya kweli itakuja.

Liko jambo jengine katika rekodi hizi ambalo twaona lafaa kusemwa kwa kila kijana kabla hajazifungua. Watoto wale walikuwa hospitalini ili ijulikane kifafa chao chaanzia upande gani wa ubongo, na kama kupasuliwa kutawafaa. Na ili kijulikane, walipunguziwa dawa zao. Yaani kila mahali palipotiwa alama ya shambulio, pana mtoto aliyeachwa ashikwe, kwa ilimu ya madaktari na ridhaa ya wazee wake, ili jambo lake lijulikane. Mama yake yamkini alikuwa kitini kando ya kitanda. Mwanafunzi aliye mbali hamwoni mama huyo. Aona faili, na faili hufunguka kwa kubonyeza.

Katika mapokezi ya Bukhari na Muslim mna kisa ambacho Ibn Abbas alimsimulia Ata bin Abi Rabah. Alimwonyesha mwanamke mmoja mweusi akamwambia kwamba huyo ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa amemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshitakia kwamba huanguka kifafa na nguo zikamfunuka. Mtume akampa khiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba aombewe asifunuke, naye akamwombea. Wanavyuoni wamekieleza kisa hiki kwa fadhila ya subira, nao ndio wenye elimu yake. Wala isifahamike kwamba kuacha dawa ndiyo ibada, kwani Mtume aliamuru watu wajitibu. Sisi tumekitaja kwa ajili ya ombi la yule bibi. Aliyavumilia maradhi yake, ila kufunuliwa mbele ya watu hakukuvumilia. Watoto wa Boston hawana majina katika rekodi zile, na tarehe zao zimebadilishwa zisijulikane. Hiyo ndiyo sitara yao. Mwanagenzi yeyote atakayepewa rekodi ambazo hazijawekwa wazi, za hospitali yoyote, akazichukua nyumbani katika kompyuta yake, au akamtumia rafiki picha ya kioo yenye jina pembeni, ameivua.

Na twasema pia kwa nyumba zetu: kisa hicho kinamtaja mwenye kifafa kuwa mtu wa Peponi, na sisi twamficha chumba cha nyuma wageni wanapokuja.

Sasa swali la tatu. Bwana wetu, mashine ya binti yako haitamfaa mwanao mwaka huu, na yamkini hata mwaka ujao. Twaona ni kheri tukwambie hivyo waziwazi kuliko kukupa tumaini la magazeti. Mashine iliyofundishwa kwa watoto wa hospitali moja ya Boston haijulikani itasema nini juu ya mtoto wa Tanga mpaka ipimwe kwa watoto wa Tanga. Kwetu vifafa vingi hutokana na mambo ambayo huko ni machache: kuumia kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Kazi ya kuzikusanya rekodi za watu wetu, kwa idhini na kwa sitara, iko mbele. Labda binti yako ni mmoja wa watakaoifanya.

Kitakachomfaa mwanao kipo tayari, nacho si kipya. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kwamba wenye kifafa duniani ni kiasi cha milioni 50, na karibu 80 katika mia yao wako katika nchi zisizo tajiri. Shirika hilo hilo lasema kwamba mpaka 70 katika mia wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangepimwa na kutibiwa sawasawa. Ziko dawa za bei ndogo zilizotumika miaka mingi. Hukutwambia katika barua yako kama kijana anywa dawa, na kunyamaza kwako kumetutia wasiwasi. Kama anywa, asiziache hata siku moja kwa kungoja mashine, wala kwa sababu miezi sita imepita hakushikwa, kwani kuziacha ghafula ndiko kunakoleta shambulio kubwa. Kama hanywi, mpeleke hospitali juma hili. Waliomwambia kwamba ni pepo wakampunga na kumfukiza, hatutaki kugombana nao katika ukurasa huu, lakini wasimzuilie dawa. Na akishikwa, mlazeni ubavu, msimtie kijiko kinywani, msimshike kwa nguvu, tazameni saa, na zikipita dakika tano hajatulia mkimbizeni kwa daktari.

Vijana wengine watakaosoma haya watauliza: sisi tusio na mwaliko wa ng'ambo tuanzie wapi? Anzieni pale alipoanzia kila mtu, kwa rekodi zilizo wazi na programu za bure. Iko moja iitwayo MNE, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ambayo hutumiwa na maabara kubwa, wala haidai senti. Tangu mwaka 2020 kuna masomo ya majira ya kiangazi ya Neuromatch, yasomeshwayo kwa intaneti, ambamo wanafunzi wa nchi nyingi huketi pamoja kwa makundi. Na kwa wazazi wanaoona uzito kumpeleka kijana nchi ya mbali, chuo cha KAUST kilichoko Thuwal, pwani ya Saudia, huwapokea wanafunzi wageni wa utafiti kwa miezi mitatu mpaka sita, na huko wako wataalamu wa takwimu wanaoshughulika na mawimbi haya haya ya ubongo. Katika barua ya kuomba nafasi, usijaze sifa zako. Eleza jambo moja ulilolifanya kwa rekodi za wazi, na mahali lilipokushinda. Mwalimu mzuri atasoma hapo pa kushindwa kwanza.

Kuhusu chakula, sala na makazi ya binti, aliyotuuliza bwana huyu kwa urefu, twaona yajibiwe na chuo chenyewe kwa maandishi kabla ya tiketi kukatwa. Vyuo vingi hujibu kwa adabu vikiulizwa mapema, na hufadhaika vikiulizwa uwanja wa ndege. Kwetu sisi, na aende.

Limebaki moja. Binti amemwambia baba kwamba angependa, akirudi, mdogo wake apimwe mawimbi hospitalini na rekodi zake atumie yeye katika utafiti wake, bila jina. Baba atuuliza kama atoe idhini. Idhini ya mzazi ni lazima, na ya hospitali pia, na ya kamati yao ya maadili. Lakini katika barua yote, kurasa nne, hatukuona mahali ambapo kijana mwenyewe ameulizwa. Ana miaka 14, na kichwa ni chake. Muketisheni, dada yake amweleze yote tuliyoyaeleza hapa, pamoja na kwamba yeye hatapata faida yoyote sasa hivi, kisha mngojeni ajibu. Akisema hataki, basi.

Barua ya mama wa Lamu juu ya mahari ya elimu tumeiweka kwa mwezi ujao, Mungu akipenda.